Masizi ya Sufuria Kuukuu

Sogeeni jikoni, na anayesinzia afinywe! Mwanakheri, bi harusi mpya, alikatazwa na mumewe jambo moja tu: asisugue masizi ya sufuria kuukuu. Lakini mama mkwe alikuwa anakuja, naye hukagua vitako vya sufuria kabla hata hajaketi.

Mwanakheri akachota jivu, akashika kumbi la nazi, akasugua. Sufuria ikaguna. Akasugua tena, ikalia. Akasugua kwa nguvu zote, ikapiga yowe, kitako kikang'aa.

Mumewe akaingia mbio, anatweta.

"Mke wangu, si nilikukataza?"

"Kwani nimefanya nini?"

Mume akavua shati, akageuka. Lahaula! Mgongo ulikuwa bati tupu, unang'aa kama kile kitako cha sufuria, na humo Mwanakheri akajiona mwenyewe, mdomo wazi, jivu mkononi.

Imekwisha. Kaosheni vyombo, lakini taratibu.