Vyura Wawili, Kisima Kimoja

Chura wa vumbini haonyeshi kisima. Methali hii ilianza hivi, na atakayenikatiza ataimalizia mwenyewe.

Jana mliisikia mkutanoni, pale yule bwana mwenye gari aliposema zahanati ijengwe ng'ambo ya kilima, eti si mbali hata kidogo. Bi Mwantumu akamjibu kwa maneno hayo, watu wakavunjika mbavu. Na nyinyi mkacheka kwa kufuata mkumbo, niliwaona. Haya, chambueni hizo kunde huku mnasikiliza. Kazi ya mikono haizibi masikio.

Zamani, huku huku kwetu Uzigua, kijiji cha Kwedigongo kilipatwa na kiangazi kilichokataa kwisha. Kisima cha kijiji kilitoa tope, baadaye kikatoa uvundo, mwisho hakikutoa kitu. Maji yakawa ya kufuatwa mtoni, na mto ulikuwa mbali: mtu anaondoka umande ungali majanini, anarudi jua likizama, na nusu ya mtungi imemwagika njiani. Mzee Mbelwa, mkuu wa kijiji, akawaita watu akawaambia, "Nguvu tuliyobaki nayo ni ya kuchimba kisima kimoja tu. Tukipata maji tunabaki. Tukikosa tunahamia mtoni."

Watu wakaitikia. Lakini Mnyamisi alimwaza mama yake mzee. Mama huyo, Bi Mkami, alikuwa hatembei tena, anajikokota tu kutoka kitandani hadi mlangoni. Na alikwisha kusema kwamba yeye hahami. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba ile, naye atazikwa hapo hapo.

"Nyinyi nendeni," alisema. "Mimi mzee, maji ya nini? Sina kiu."

Na kweli, Mnyamisi alipompelekea kata ya maji, aliyagusa kwa midomo tu kisha akawaita wajukuu wakanywe. Ndivyo alivyokuwa siku zote za kiangazi kile. Mnyamisi alistaajabu, akamshukuru Mungu kwa kumpa mama mvumilivu. Lakini alijua kijiji kikihama mama atabaki peke yake, na kubaki ni kufa. Kwa hiyo kisima kile lazima kipatikane.

Sasa, watu wa Kwedigongo walikuwa na desturi yao. Hawakuchimba kisima bila kumtafuta chura. Walisema alipo chura wakati wa kiangazi, chini yake pana maji, na hawakuuliza zaidi ya hapo. Mnyamisi akatafuta kila mahali, mashambani, vichakani, chini ya magogo, akarudi mikono mitupu. Alipoketi mlangoni kwa mama yake kupumzika, akasogeza kinu cha zamani kilichokuwa kimelala pale. Chini yake akamkuta chura mnene, amekaa kwenye vumbi kama bwana harusi.

"Mama! Chura!"

"Huyo?" Bi Mkami akasema. "Huyo ni mwenzangu. Kiangazi chote tuko naye hapa."

"Basi maji yako chini ya mlango wako!"

"Mh," akasema Bi Mkami. "Huenda."

Mnyamisi alimtia chura kwenye kikapu, akatimua mbio hadi kwa Mzee Mbelwa. Lo! Akamkuta shemeji yake, Chambo, naye amefika na chura wake, kamtoa korongoni, chini ya mteremko wa kijiji. Wakawaweka vyura wote wawili kwenye chungu kimoja kilichovunjika mdomo, watu wakakizunguka.

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Chura wa Mnyamisi alikuwa na ngozi kavu yenye vipele, miguu mifupi, tumbo kubwa, naye alitembea polepole bila wasiwasi. Wa Chambo alikuwa na ngozi laini, miguu mirefu, mbavu zinahesabika, na kila alipoguswa aliruka akagonga chungu. Huyu alisema yule ndiye chura wa kweli, yule akasema sivyo, chura wa kweli huruka. Mwingine akadai ni mtu na mkewe. Mama mmoja akasema wote si vyura. Mnyamisi alitazama huku na huku. Alichojua ni kwamba mmoja ametoka mlangoni kwa mama yake, na huyo ndiye alimtaka.

Mwisho Mzee Mbelwa akainua mkono. "Sisi ni wafugaji," akasema. "Ng'ombe akinona tunajua malisho yake ni mema. Nani hapa amenona?"

"Wa Mnyamisi!"

"Wangu nimemtoa kwenye ufa, penye mchanga wa baridi," Chambo akajitetea.

"Huyo mbona amekonda?" wakamcheka. "Maji yenyewe kwao hayamtoshi!"

"Na isitoshe," Mzee Mbelwa akaongeza, "Bi Mkami anakaa pale pale na hajawahi kulalamikia kiu. Mahali pale pana baraka."

Basi wakachimba mlangoni kwa Bi Mkami. Walitoa vumbi, wakatoa vumbi lingine, wakatoa changarawe. Walipokuwa wameanza kukata tamaa, jembe likamfukua chura mwingine, mnene vile vile, amejizika kwenye udongo mkavu. Ebo! Watu walipiga vigelegele. "Maji haya hapa!" Wakachimba kwa nguvu mpya, mpaka jembe likalia ngaa! Mwamba. Wakajaribu upande huu, mwamba. Upande ule, mwamba. Waliokuwa shimoni wakapanda juu, wakaweka majembe chini. Hakuna aliyemtazama Mnyamisi usoni, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

"Lakini vyura si tuliwaona?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea. "Tena wawili! Mbona hakuna maji?"

Mzee Mbelwa akasema, "Fungeni mizigo. Kesho tunahama."

Mnyamisi aliondoka akaketi karibu na kile chungu, ambacho watu walikwisha kukisahau. Akachungulia. Chura wake alikuwa vile vile, mnene, macho makavu, ametulia. Wa Chambo alikuwa amelala ubavu, ngozi imesinyaa, anahema kwa shida. Mnyamisi alimwonea huruma. Alikuwa na mabaki ya maji kwenye kibuyu chake, fungu lake la siku ile, akamnyunyizia. Yule mnyonge akanyanyua kichwa. Akamnyunyizia tena, akakaa sawa. Na yule mnene? Maji yalimdondokea mgongoni, akageuka, akasogea pembeni penye vumbi.

Mnyamisi akasimama wima.

"Mzee Mbelwa!" aliita. "Nimewachosha bure. Kosa ni langu."

"Kosa ni letu sote," mzee akasema. "Nenda ukafunge mizigo, mwanangu."

"Sikiliza kwanza. Huyu wangu amekaa chunguni bila tone la maji na hana habari. Angekaa hata jangwani. Huyu wa shemeji ameshinda humo humo, karibu afe. Sasa niambie, kati ya hawa wawili, nani hawezi kuishi mbali na maji?"

Mzee Mbelwa alichungulia chungu. Akatikisa kichwa. "Tulimfuata asiyeyahitaji," akasema.

"Chura wa vumbini haonyeshi kisima," akasema Mnyamisi.

"Nguvu ya kijiji imekwisha, Mnyamisi."

"Ya kwangu bado."

Mzee akalitazama shimo, akamtazama Bi Mkami pale mlangoni, akachukua jembe lake mwenyewe. Wakateremka korongoni, yeye, Mnyamisi na Chambo. Wakamwachia yule chura aliyekonda. Akaruka mara moja, akaruka tena, akajipenyeza kwenye ufa chini ya ukingo, akapotea. Wakachimba hapo. Shimo halijafika kiunoni, mchanga ukawa mweusi. Lilipofika kifuani, maji yakaanza kuchuruzika miguuni mwao. Chambo alipiga kelele hadi kijijini wakadhani ameumwa na nyoka.

Mnyamisi hakungoja kucheza ngoma. Alijaza kata, akapanda mteremko bila kumwaga, akampelekea mama yake.

"Wape watoto," akasema Bi Mkami.

"Watoto wako kisimani, mama, wanayaoga. Maji yapo. Hatuhami."

Bi Mkami alimtazama usoni, akahakikisha hadanganywi. Akaipokea kata kwa mikono miwili. Akanywa yote. Akairudisha, akasema, "Nyingine." Mnyamisi akamletea, akanywa yote, maji yakimtiririka kidevuni. "Nyingine."

"Mama," akasema Mnyamisi, machozi yakimlengalenga. "Si ulisema huna kiu?"

"Ningesema ninayo, ungenipa maji ya wanao."

Mnyamisi akapiga magoti pale vumbini, akamkumbatia, akalia kwa sauti. Kiangazi chote alimwona mama yake na chura yule wamekaa mlango mmoja, wote kimya, wote hawaombi maji, akadhani ni hali moja. Kumbe wa vumbini alikuwa mmoja tu.

Naona mmeacha kuchambua kunde. Haya, sasa mmejua kwa nini watu walicheka jana. Zahanati ataionyesha mwenye kwenda kwa miguu, tena mgonjwa mgongoni. Na asemaye hana kiu, mtazameni vizuri kwanza, asije akawa Bi Mkami. Lakini akiwa kweli hana, msimfuate na jembe.

Chura wa vumbini haonyeshi kisima.