Changu wa Bwana Ndaro

"Mbuzi humpati!" Bwana Ndaro alimfokea mpishi wake, Mwatime, mbele ya wageni. "Nilisema beberu wangu ni wa atakayetumia kitenzi kimoja kwa maana mbili. Wewe umeniletea upuuzi."

"Upuuzi upi, Bwana? Nimesema, ndege amepaa angani. Nikasema, nimepaa samaki. Kitenzi kimoja, maana mbili."

"Kupaa ni kwenda juu, basi! Samaki ana mbawa? Mwenye mbuzi ni mimi na mwamuzi ni mimi. Rudi jikoni, mama, usomi una wenyewe."

Mwatime alimeza hasira chungu kama shubiri. "Haya, Bwana," akaitikia, akaenda zake.

Adhuhuri sinia la wali liliwekwa mkekani, na juu yake changu mzima wa kukaanga. Wageni walingoja, maana mwenye nyumba ndiye hutia mkono wa kwanza. Bwana Ndaro alinyofoa pande nono, akalitafuna kwa pupa, kisha akatema magamba hadi kwenye kanzu.

"Mwatime! Mbona hukumpaa samaki huyu?"

"Nilimfungulia dirisha, Bwana, akakataa kuruka."

"Mjinga wewe! Kumpaa samaki ni kumtoa magamba! Hata mtoto mdogo anajua!"

Wageni wakaangua kicheko.

Mwatime alijifuta mikono taratibu. "Sinia la pili liko tayari jikoni, na samaki wake hana gamba hata moja. Nitalileta. Ila kwanza, Bwana, nipe mbuzi wangu."