Kinyago cha Mringaringa

Kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wajukuu zangu jana jioni, walipoingia jikoni wakikimbia, wote watatu, wanahema, eti wanamwogopa mtu wao wa uani. Mtu huyo wamemtengeneza wenyewe wiki nzima. Mwili ni tairi bovu, macho ni vizibo vya soda, nywele ni katani, na meno ni vigae vya ile sahani yangu ya maua, ambayo mpaka leo hakuna aliyeivunja. Sasa kagiza kalipoanza kuingia, wakadai amegeuza shingo akawatazama.

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Elinami, mkubwa wao, hakupenda kuchekwa. Akaniuliza, "Bibi, aliyesema maneno hayo kwanza ni nani? Na yeye alikuwa na kinyago uani kwake?"

"Alikuwa nacho," nikamjibu. "Na kilimtisha kuliko tairi lenu."

Nikawapa ungo wa maharage wachambue, maana masikio hayahitaji mikono ili yasikie. Methali hii ilianza hivi.

Upareni, juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi, aliishi mchonga vinu aliyeitwa Kajiru. Aliishi na binti yake Nakijwa na mjukuu wake Mkunde, mtoto wa kike mwenye umri kama wako wewe Nasemba, na mdomo kama wako pia. Vinu vya Kajiru vilisifiwa kwa sababu havikupasuka. Alijua kwamba gogo likiachwa na moyo wake, likikauka hupasuka kuanzia ndani. Kwa hiyo kabla ya kuligusa nje, alilitoa moyo kwanza kwa tezo na patasi.

Uani kwake kulikuwa na mringaringa mkubwa. Masika moja radi ikaupiga, ukakauka ukiwa umesimama. Watu wa kule hawakugusa mti uliopigwa na radi. Haukuwa kuni, haukuwa kinu, haukuwa hata mpini wa jembe. Ungemtwangia mtu mahindi kwenye kinu cha mti ule, angeona afadhali alale njaa kuliko kula ugali wake. Basi mti ukabaki pale, mweusi upande mmoja, na Kajiru kila asubuhi akitoka kunawa uso anautazama, mikono inamwasha.

Siku moja akasema, "Kama haufai kuwa kinu, utakuwa mtu."

Akaanza kuuchonga pale pale ulipokuwa umesimama. Akazungushia uzio wa majani ya migomba, kwa kuwa kwa wachongaji wa kule ilikuwa mwiko kuonyesha kazi ambayo haijaisha. Aliyeruhusiwa kuingia ndani ya uzio alikuwa Mkunde peke yake. Kajiru alifanya kama afanyavyo kwenye vinu. Alitoboa mgongoni, akautoa moyo wote wa mti, kinyago kikawa kitupu ndani. Mkunde, kwa wembamba wake, akaingia humo na majani ya msasa, akasugua mpaka ndani kukawa laini. Tundu la mgongoni Kajiru akaliziba kwa kipande cha mti ule ule, akakikata kikakaa sawasawa kama kifuniko cha chungu. Mdomo akauacha wazi ili mti upumue. Hayo yote hakuna mwingine aliyeyaona.

Uzio ulipoondolewa, majirani wakaja kuangalia. Kajiru alitegemea kusifiwa, naye alistahili. Lakini walirudi nyuma hatua moja. Kisha Mgonja, jirani wa mfereji wa juu, akasema taratibu, "Huyu ni Senkondo."

Senkondo alikuwa mzee mmoja mkali, aliyekufa mwaka uliopita akiwa amegombana na nusu ya kijiji kwa ajili ya zamu za maji. Kajiru hakuwa amemfikiria hata kidogo. Alichonga uso tu, mashavu yaliyobonyea na kidevu kirefu, kama wazee wengi walivyo. Lakini neno likishasemwa halirudi mdomoni. Watu wakakitazama tena kile kinyago, na kila mmoja akamwona Senkondo.

Jioni hiyo upepo ukavuma kutoka bondeni. Ukaingia kwenye ule mdomo uliokuwa wazi, na kinyago kikaguna. Mguno mrefu, wa chini, kama wa mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Nyumba zote za karibu zikafunga milango.

Baada ya hapo kila baya likapata baba. Ng'ombe wa Mgonja akatupa mimba, ni kinyago. Mtoto wa mtu akashikwa na homa, ni kinyago. Maji ya mfereji yakapungua, na nani tena aligombania maji kama si Senkondo? Wanawake wakabadilisha njia ya kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mwanamume mmoja akaapa kwamba amekiona kimehama, jana kilikuwa karibu na choo, leo kiko karibu na zizi.

Mwanzoni Kajiru alicheka. "Ni upepo," aliwaambia, "na mti una mizizi, utahamaje?" Lakini hofu ni kama moshi wa jikoni. Si lazima uwe wewe uliyewasha moto ndipo macho yako yatoke machozi. Kila alikopita watu walishusha sauti. Usiku akisikia ule mguno, alijiambia ni upepo, kisha akanyanyuka kuangalia kama mlango una komeo. Akaanza kula akiwa ameupa ukuta mgongo. Choo chake kilikuwa uani, basi akawa anakwenda kuomba choo kwa jirani, mzee mzima na heshima zake. Patasi yake aliyoisahau chini ya kinyago ikaota kutu, na hakuna aliyekwenda kuichukua.

Asiyeogopa alikuwa Mkunde tu. Mama yake alimkataza kwenda uani. Ninyi mnajua watoto wanavyokatazika.

Ikawa alasiri moja watoto wanacheza kombolela. Mkunde akatafuta mahali ambapo hakuna mwenzake angethubutu kumtafuta, na mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu. Akaingia ndani ya kinyago, akavuta kile kifuniko nyuma yake. Kabla hajapatikana, mvua kubwa ikanyesha na ukungu ukashuka. Watoto wengine wakatawanyika, kila mmoja kwao. Mkunde naye akataka kutoka, akasukuma. Mti ulikuwa umekunywa maji, umevimba. Kifuniko hakikusogea.

Mvua ilipokatika, Nakijwa akaanza kuita. Akaita mferejini, akaita gengeni, akapita nyumba kwa nyumba. Baridi ya kule baada ya mvua si ya kuchezea, mtoto akilala nje na nguo mbichi hapatikani mzima. Watoto wakaulizwa. Wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Alikimbilia kule kwenye kinyago. Halafu hatukumwona tena."

Nakijwa akapiga yowe, kijiji kizima kikatoka.

Kajiru, kwa kuwa uani ni kwake, akajikaza akazunguka nyumba. Alifika kwenye pembe ya ukuta akasimama. Ukungu ulikuwa umeficha kila kitu, uso wa kinyago tu ndio ulioonekana, umelowa, unang'aa, maji yanatiririka kidevuni. Akatamani kurudi. Na hapo hapo, kutoka katika ule mdomo, ikatoka sauti nzito ya kuvuma, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Baaabuuu."

Kajiru alikimbia. Alipoteza kiatu kimoja na hakurudi kukiokota. Alipowafikia watu, maneno yalimtoka vipande vipande. "Kimeniita. Kimeniita babu, kama mtoto anavyoniita."

Mgonja akasema, "Basi Senkondo amekwisha kummeza. Kikichomwa atamwachia."

Hakuna aliyebisha. Kuni za nje zilikuwa zimelowa, wakashusha kuni kavu za darini. Mmoja akaleta mafuta ya taa. Mwingine akaleta kijinga cha moto, anakikinga kwa kofia yake kisizimike. Wakaenda wote kwa pamoja, wameshikana nguo, wanapanga kuni miguuni mwa kinyago huku wameangalia pembeni. Na Kajiru, wajukuu zangu, naye alikuwa amebeba mzigo wake wa kuni. Babu mzima.

Ndipo ndani ya kinyago pakagongwa. Ko, ko, ko. Watu wakaruka nyuma, kuni zikaanguka. Pakagongwa tena, polepole zaidi, kisha pakawa kimya.

"Mwageni mafuta!" Mgonja akapiga kelele. "Mwageni kabla hakijatoka!"

Kajiru alikuwa ameangukia upande wa nyuma na mzigo wake. Alipojaribu kuinuka, mkono wake ukashika mgongo wa kinyago, na kidole kikaingia katika mfereji mdogo wa mti. Aliujua mfereji ule. Siku moja patasi ilimponyoka pale ikaacha kovu, na Mkunde alicheka akamwambia kinyago kimepata donda. Akapapasa chini yake. Akakuta ukingo wa kifuniko.

"Ngojeni," akasema.

"Mzee, ondoka hapo! Tunawasha!"

"Ngoja kwanza, Mgonja. Hiki amekichonga nani?"

"Si wewe! Ndiyo maana tumo kwenye janga hili!"

"Na moyo wake aliutoa nani?"

Mgonja akababaika. "Moyo gani? Kinyago kina moyo?"

"Hakina. Niliutoa mimi kwa mikono hii. Mle ndani sikuweka Senkondo, sikuweka mzimu, sikuweka kitu chochote. Kwa hiyo anayegonga ni nani?"

Kajiru mwenyewe alikuwa bado anaogopa, msidhani alikuwa shujaa ghafla. Akakunja kidole, akagonga mgongo wa kinyago mara moja. Akaweka sikio. Kutoka ndani ikamjibu ko ndogo, dhaifu, ya vifundo vya vidole vya mtoto.

"Tezo!" akapiga ukelele. "Nileteeni tezo! Na wewe mwenye moto, rudi nyuma!"

Nakijwa ndiye aliyekimbia kuleta tezo. Kajiru akaitia kwenye ukingo akakwanyua. Mti uligoma, ukalia, halafu kifuniko kikang'oka, wanaume wazima wakafunika nyuso zao. Ukatoka mkono mwembamba, umekunjamana kwa maji. Kisha Mkunde akaangukia kifuani kwa babu yake, midomo imepauka, sauti imekauka kwa kuita.

Mama yake alimfunga kanga, akamkumbatia, analia na kucheka kwa pamoja. Mtoto akamtazama babu yake juu ya bega la mama. Akasema, kwa ile sauti yake iliyokwaruza, "Babu, nilikuita ukakimbia. Kwani si wewe uliyekichonga?"

Kijinga cha moto kikazimika mkononi mwa mwenyewe, na hakuna aliyejali. Kajiru aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atazame vidole vyake vya miguu, mguu mmoja ukiwa hauna kiatu.

Zile kuni kavu zilibebwa hadi jikoni, zikawashwa, Mkunde akaota moto wake. Watu wakakaa kuzunguka. Mwishowe Kajiru akasema, "Mimi nilichonga mti, ninyi mkachonga maneno. Mti wangu ninaujua hadi ndani. Nikauacha, nikayaogopa maneno yenu, nikamkimbia mtoto wangu." Kisha akajikaripia mwenyewe, kama mtu anayemkanya mtoto mkaidi. "Kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi, Kajiru. Hakikutishi!"

Mgonja aliinamisha kichwa. Alijua na yeye alikuwa na kinyago chake, alichokichonga kwa mdomo. Tangu siku ile, mtu wa kule akitishwa na jambo alilolianzisha mwenyewe, aliambiwa maneno ya Kajiru. Yakashuka mlima na wauza vinu, yakafika mpaka kwangu.

Nilipomaliza, maharage yalikuwa hayajachambuliwa hata nusu. Nikasema, "Ndoo yangu imebaki uani, pale kwa mtu wenu. Nani ananiletea?"

Elinami akatazama mlango. Wa pili akajifanya amepata jiwe kwenye maharage. Nasemba, mdogo wao, akavuta pumzi, akachukua taa akatoka. Tukasikia nyayo zake zinakwenda zikapunguza mwendo, zikasimama. Mimi mwenyewe, nisiwafiche, moyo ulinipiga kidogo.

Halafu tukasikia sauti yake, kwa hasira. "Nyie! Shingo imelegea tu! Waya niliifunga mimi, na sikuikaza!"

Akarudi na ndoo yangu, kichwa juu. Kaka zake wakarudia maharage, wala mimi sikuhitaji kuwafafanulia tena. Kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi.