Kigoda cha Bwana Kiboko Juu ya Kichuguu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kiboko alikuwa bado anatembea mchana kweupe na mkufu shingoni, wanyama wa Bondeni walikuwa na uwanja wao. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, kisa hiki kina makelele yake mwenyewe.

Uwanja ulikuwa wa mabinti, na mchezo wao ulikuwa mpira wa gongo. Mmoja anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anarusha mpira. Adui anaupiga kwa gongo, paa! kisha anakimbia kuzunguka mawe manne. Akimaliza mzunguko, anahesabiwa moja. Mpira wake ukidakwa kabla haujagusa ardhi, au akipiga hewa mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu, zamu yao imekwisha, na kila upande una zamu moja tu. Ni hivyo tu, hata mbuzi anaelewa.

Timu ya Bondeni ilikuwa na mabinti tisa, na mwalimu wao alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, mkia mrefu, macho hayatulii. Mabinti walikuwa wazuri. Shida ilikuwa wazazi.

Kila mzazi alitaka mwanawe asimame juu ya kichuguu. Kwa nini? Kwa sababu kichuguu kinaonekana! Ukisimama pale, hata shangazi aliye mlimani anakuona. Lakini kule majanini, mwisho wa uwanja, hakuna aliyetaka kusikia. Bi Nguchiro akimpanga mtoto majanini, mama yake anaingia uwanjani, anamshika mkono, huyo, nyumbani!

Basi mipira ikawa inaanguka majanini, pu! pu! na hakuna wa kuiokota. Bondeni wakafungwa na Fisi wa Ng'ambo mara ya kwanza. Wakafungwa mara ya pili. Fisi wakacheka mpaka wakalala chini.

"Tukiwafunga mara ya tatu," Fisi wakasema, "uwanja huu wetu! Na dimbwi lake, na kivuli chake. Nyinyi mtachezea porini kwenye miiba. Hi-hi-hiii!"

Ndivyo yalivyokuwa mapatano tangu enzi za mababu: ukifungwa mara tatu mfululizo, unahama uwanja. Mabinti walilia. Walikuwa wamekua wakicheza kwenye uwanja ule.

Bi Nguchiro akaenda kwa Bwana Kiboko. Alimkuta binti yake, Mashavu, anacheza peke yake mtoni. Anarusha embe ng'ong'o juu, juuu, kisha anarudi kinyumenyume majini, anafungua kinywa, chwap! Hakosi hata moja.

"Mashavu mwanangu," akamwambia, "ungependa kusimama wapi?"

Mashavu akatazama kushoto, akatazama kulia. "Majanini, mwalimu. Mbele ya dimbwi. Nikisimama kwenye kichuguu, miguu inatetemeka na mpira unakwenda ovyo. Lakini usimwambie baba!"

Baba alikuwa keshasikia. Maji yakapasuka, bwaaa!

"Ati nini? Majanini? Mjukuu wa Mzee Kiboko Mkuu akasimame na panzi? Thubutu! Mwanangu anarusha, la sivyo namwondoa. Mtabaki wanane, tuone mtacheza na nani!"

Bi Nguchiro akainamisha kichwa. "Umenena, Bwana Kiboko. Akarushe."

Akaenda kwa Mama Twiga, mama yake Sikudhani. Wimbo ule ule.

"Sikudhani wangu na shingo ile, umweke majanini?" Mama Twiga akasema kwa sauti ya juu. "Wewe mwalimu una macho kweli? Kichuguu ni chake!"

"Umenena, Mama Twiga. Atarusha."

Enhe! Mnacheka? Mnasema, huyu Nguchiro hana msimamo, kila mtu anamwambia ndiyo. Ngojeni. Mwenye haraka ya kucheka hula mbichi.

Kesho yake Bi Nguchiro akaita mkutano wa wazazi wote. Akapanda juu ya gogo, uso umekunjamana kwa huzuni.

"Wazazi wangu, nimewakosea adabu. Niambieni. Harusini, mama wa bibi harusi hukaa wapi?"

"Ubavuni mwa mwanawe!" wakajibu wote.

"Kwenye unyago, mwali akitolewa, mamaye hukaa wapi?"

"Ubavuni mwa mwanawe!"

"Sasa kwa nini kwenye mpira tunawarundika nyuma ya kamba kama kuni? Hii ni mila gani? Keshokutwa, kila mzazi atawekewa kigoda ndani ya uwanja, palepale anaposimama mwanawe. Ulimwengu mzima umwone!"

Weee! Vigelegele! Bwana Kiboko alifumba macho akajiona katikati ya uwanja, juu ya kigoda, na mkufu wake.

"Lakini," Bi Nguchiro akainua kidole, "kigoda ni heshima. Mzazi akiinuka kigodani, mwanawe naye ameacha nafasi ile. Au nipunguze ukali?"

"Usipunguze!" akanguruma Bwana Kiboko. "Mimi nainuka kwenda wapi?"

"Haya. Ataanza kurusha Mashavu. Akichoka, Sikudhani. Mama Twiga, wewe utangoja zamu yako kule majanini, chini ya migunga. Utavumilia?"

Mama Twiga akaguna. "Nitavumilia kidogo. Zamu ni zamu."

"Na mbele ya dimbwi tumweke nani? Haya, tumweke Chausiku."

Chausiku alikuwa binti wa ukoo wa tumbili, analelewa na bibi yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu, akirusha kokwa linampata nzi anayeruka. Lakini bibi yake hakuwa mtu wa kupiga kelele mikutanoni, kwa hiyo hakuna aliyewahi kusema, "Chausiku akarushe." Bibi Tumbili alikuwa pembeni anamenya njugu. Akamtazama Bi Nguchiro, akatabasamu kidogo, akaendelea kumenya.

Siku ikafika. Na saa aliyoichagua Bi Nguchiro ilikuwa ipi? Saa sita mchana! Jua utosini, hata mjusi anatembea kwa ncha za vidole.

Refa Kobe akapuliza filimbi. Priii!

Bondeni wakapiga kwanza. Siku hiyo mabinti walipiga kwa hasira ya uwanja wao, paa! paa! Wakapata mizunguko saba. Fisi wakakunja nyuso.

Kisha ikawa zamu ya Fisi kupiga. Mashavu akapanda kichuguu. Baba yake akapandishiwa kigoda chake ubavuni, akakaa, akainua kidevu. Umati ukamshangilia. Lo, alipendeza!

Alipendeza kwa muda wa kumenya ndizi moja.

"Rusha, binti yangu! Kiwiko juu! Guu mbele! Sio guu hilo!"

Mashavu akarusha. Mpira ukaenda ovyo. Akarusha tena. Fisi akaupiga, paa! akazunguka. Moja.

Jua likashuka mgongoni kwa Bwana Kiboko. Nyinyi mnajua ngozi ya kiboko na jua havijuani. Ikaanza kukauka. Kwa! Ikapasuka ufa mmoja. Kwa! Wa pili.

"Baba, unaumwa?" Mashavu akauliza.

"Rusha, usinitazame mimi!"

Paa! Mbili. Paa! Tatu. Mchwa nao wakatoka kichuguuni kuuliza nani aliyekalia paa la nyumba yao. Bwana Kiboko akainua kalio la kulia. Akainua la kushoto.

"Kaa vizuri, mzee!" Fisi wakamwita. "Ulimwengu unakuona! Hi-hi-hiii!"

Paa! Nne. Vumbi. Paa! Tano. Mpira mwingine ukatoka gongoni moja kwa moja ukampata Bwana Kiboko tumboni, bwii! ukaanguka chini. Fisi akazunguka. Sita.

Bondeni walikuwa na saba. Fisi wakipata mbili tu zaidi, uwanja umekwenda, na wote wanaopiga vigelegele pale wataondoka na watoto wanaolia. Hata Bi Nguchiro alikuwa ameanza kutafuna ncha ya mkia wake. Alijua kiboko ana kiburi. Hakujua kiburi chenyewe kina urefu gani.

Bwana Kiboko akatazama mwisho wa uwanja. Kule majanini, mbele ya dimbwi, kigoda cha Bibi Tumbili kilikuwa kimewekwa ndani kabisa ya tope. Tope laini. Tope baridi. Bibi anachezesha vidole vya miguu majini, chubwi, chubwi.

"Bi Nguchiro," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo hapa. Hivi... ile nafasi ya mbele ya dimbwi, ni nafasi ya nini hasa?"

"Ile? Aaa, Bwana Kiboko, iache ile. Ni ya Mlinzi wa Dimbwi. Siku zote Fisi wanapiga kuelekea kule, hakuna mwingine wa kuwazuia. Ni nzito sana. Sikutaka kukusumbua nayo."

"Nzito? Nzito kuliko hii?"

"Mara mbili."

"Na umempa tumbili?" Bwana Kiboko akafoka, ngozi ikalia kwa! "Huoni aibu? Dimbwi ni la ukoo wetu tangu dunia iumbwe, halafu analilinda tumbili, na binti yangu yupo?"

"Lakini mzee, kichuguu je? Ulimwengu unakuona..."

"Ulimwengu umeshaniona! Mashavu, twende zetu kwenye nafasi yetu!"

Akainuka kigodani. Ala! Hakutembea, alikimbia, mkufu unapiga kengele, kili-kili-kili. Akajitupa topeni, bwaaa! "Aaaah," akasema, na sauti hiyo ilisikika hadi ng'ambo. Nyuma yake Mashavu alikuwa anarukaruka, uso wote meno.

Bi Nguchiro akageukia migunga. "Mama Twiga! Zamu yako imefika. Kigoda cha kichuguuni kinakungoja!"

Mama Twiga alikuwa amekaa kivulini, majani mabichi ya mgunga yananing'inia mpaka mdomoni mwake. Alitazama kichuguu. Aliona jua. Aliona mchwa wanajipanga mistari.

"Mh?" akasema, kinywa kimejaa. "Mwalimu, mimi nimekwisha kaa. Mtu mzima hainuki-inuki. Sikudhani na shingo ile, hapa juu mipira yote ni yake. Mpe mwingine."

"Jamani, Mama Twiga! Sasa kichuguu nimpe nani?"

Wazazi wote wakatazama chini, kila mmoja amekikumbatia kigoda chake.

Bibi Tumbili akaokota mkoba wake wa njugu. Akaja taratibu mpaka kwenye kichuguu. Hakukalia kigoda. Aliingia chini yake, kikawa ndio kivuli chake, mchwa wakapita zao.

"Chausiku mjukuu wangu," akasema, "rusha unavyojua. Mimi sina neno."

Chausiku akapanda. Akapangusa kiganja. Vuup!

Fisi akapiga hewa. Vuup! Akapiga hewa tena. Vuup! Akaupiga kidogo kwa ubavu wa gongo, mpira ukapanda kuelekea migungani, na Sikudhani akanyoosha shingo na mikono, nyaku! Wa kwanza ametoka.

"Mwanangu huyo!" Mama Twiga akapaliwa na jani.

Fisi wa pili akaupiga chini, ukabiringika, akafika jiwe la kwanza. Akabaki pale anangoja mwenzake. Wa tatu akapiga hewa mara tatu. Ametoka. Wametoka wawili, mmoja yuko njiani.

Ndipo akaja Fisi mkubwa kuliko wote, gongo lake nene. Akipiga mbali, wanazunguka wawili, sita zinakuwa nane, na uwanja umekwenda.

Vuup! PAA!

Mpira ukapaa. Ukapita juu ya kichuguu, ukapita majani, unaelekea dimbwini. Fisi wawili wanakimbia huku wanacheka.

"Rudi nyuma, Mashavu!" Bwana Kiboko akaanza. "Mkono wa..."

"Baba, nyamaza!" Mashavu akapiga kelele.

Na baba akanyamaza. Ndiyo, jamani, alinyamaza!

Mashavu akarudi kinyumenyume kama anavyofanya mtoni. Miguu haikutetemeka. Hatua moja, mbili, tatu, maji magotini, maji kifuani. Akafungua kinywa chake chote.

CHWAP!

"Mdomo si mkono!" Fisi wakalia. "Refa! Mdomo si mkono!"

Refa Kobe akafikiri kwa muda wake. "Sheria inasema mpira usiguse ardhi. Je, mdomo wa kiboko ni ardhi?"

Fisi wakachungulia kinywa cha Mashavu, wakarudi mikia chini.

"Ametoka. Wametoka watatu. Bondeni saba, Fisi sita. Priiii!"

Lo! Ungekuwepo! Vigelegele, ngoma, mabinti wamelaliana topeni, Chausiku kabebwa juu ya shingo ya Sikudhani, Mashavu anacheka na kulia kwa pamoja. Uwanja wao! Bibi Tumbili akatupa njugu hewani mkoba mzima.

Bwana Kiboko akainuka dimbwini, tope limemfunika mkufu. "Mmeona?" akawaambia watu. "Ile nafasi nilimchagulia mimi! Mwalimu alitaka kumweka kichuguuni, nikamkatalia!"

Bi Nguchiro akainama kwa heshima. "Umenena, Bwana Kiboko."

Tangu siku ile kiboko hakai tena juani. Mchana utamkuta majini, macho na masikio tu nje, na ukimuuliza atakwambia analinda dimbwi.

Nami kigoda changu nakiinua hapa, ila mkumbuke: mtoto hung'aa anapoweza yeye, si anapotaka mzazi kuonekana.