Chaki Katika Uwanja wa Gwaride

Mgeni alifika kambini bila miadi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na kambi ya polisi iliyo jirani na Ntinda, jijini Kampala, ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Jina lake Sifuna, Mkenya aliyefanya kazi katika ghala moja la Bugolobi, na kilichomleta kilikuwa simu yake iliyoibwa Namuwongo. Kabla hajafika kwenye meza ya malalamiko, alimwona msichana wa miaka kumi na mitano akiteleza kwa viatu vya magurudumu katikati ya uwanja wa gwaride, mgongo umenyooka kama mkuki. Simu akaisahau papo hapo.

"Binti, nani amekufundisha?"

"Hakuna," akajibu msichana, ambaye jina lake lilikuwa Adong. "Naangalia askari wakipiga gwaride, nami nafanya vilevile juu ya magurudumu."

Sauti ikanguruma nyuma yao. "Wewe, mtoto ya Obita! Hiyo kiwanja ni ya gwaride, hapana ya mchezo!"

Alikuwa Sajenti Oyat, msimamizi wa gwaride, akimtaja baba yake Adong, askari wa kambi hiyo. Uwanja ule uliheshimiwa kama mahali pa ibada. Hata mke wa mkuu wa kambi aliuzunguka kwa pembeni. Sifuna akavua kofia na kujieleza. Ujanani, kule Nairobi, alikuwa amefundisha mchezo huo. Washindani hufuata kwa magurudumu maduara yaliyochorwa sakafuni, na siku ya pili hucheza kwa muziki. "Na huyu, afande," akasema, "ana miguu ya dhahabu. Anakosa mahali tu."

Oyat akamgeukia Adong. "Hiyo maduara utachora na nini?"

"Chaki, afande."

"Basi ahidi. Chaki ya leo inafutwa kesho, kabla ya gwaride ya saa moja. Unafuta wewe mwenyewe, hapana mtu mwingine. Siku nitakuta alama moja, mchezo imekwisha."

"Naahidi, afande."

Mashindano ya kwanza yalimtoa Adong jasho la aibu. Kila alipomaliza duara alisimama wima na kuwapigia waamuzi saluti, kama alivyoona askari wakifanya mbele ya mkubwa. Ukumbi ukaangua kicheko. "Afande, umekuja kumkamata nani?" akauliza Nakhisa, bingwa kutoka Nairobi. Waamuzi walimkata alama kwa kila saluti, akawa wa mwisho. Nyumbani nako majirani walimpokea kwa kejeli: "Mtoto wa askari atateleza mpaka wapi? Mpaka jikoni!"

Adong alilia usiku mmoja tu. Alfajiri alifuta chaki, na jioni akachora upya. Ule ukakamavu wa gwaride uliochekwa ndio uliomfanya afuate duara bila kuyumba hata kwa upana wa kidole. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Kampala, kisha wa Uganda, na akiwa na miaka kumi na minane akanyakua kombe la Afrika Mashariki mikononi mwa Nakhisa mwenyewe. Majirani wakameza maneno yao bila maji.

Mwaka uliofuata kombe hilo lilishindaniwa Kampala. Siku ya kwanza, ya maduara, Adong aliwaacha wenzake mbali. Siku ya pili, Jumapili, dakika kumi kabla ya zamu yake, alikuwa akipasha misuli joto aliposikia mlio kama kuni kavu inayovunjwa. Chuma kilichoshika magurudumu ya kiatu cha kushoto kilikuwa kimekatika. Alianguka, na kifundo cha mguu kikaanza kuumuka kama andazi kwenye mafuta.

Sifuna alizunguka ukumbi mzima akiomba kiatu cha akiba. Hakuna kilichomtosha.

"Ukijitoa, alama zako za jana nazo zinafutwa," akasema Bi Moreen, mwamuzi mkuu, kwa upole. "Ndiyo sheria."

"Mwanangu, tuache," Sifuna akanong'ona. "Makombe yapo mengi, lakini mguu huo ukiuharibu hakuna duka linalouza mwingine."

Adong akafuta machozi kwa kiganja. "Bi Moreen, sheria inataka magurudumu kwenye miguu yote miwili?"

Mwamuzi akapekua kitabu chake. "Inasema mshindani avae viatu vya mchezo. Haisemi ateleze kwa mguu upi."

Adong akang'oa magurudumu yaliyobaki kwenye kiatu cha kushoto, kisha akakaza kamba mpaka vidole vikafa ganzi.

"Jamani, leo afande amegeuka korongo!" Nakhisa akacheka.

"Korongo wa bendera yetu naye amesimama kwa mguu mmoja," Adong akamjibu, akaingia uwanjani.

Muziki ukaanza. Kila aliposukuma sakafu kwa mguu wa kushoto, maumivu yalimchoma kama sindano ya moto. Kichwani alimsikia Oyat akihesabu: moja, mbili, moja, mbili! Kuruka hakuweza, ila aliteleza kwa mguu wa kulia kama maji juu ya jani la mgomba, akazunguka kama pia, na dakika tatu zikaisha angali wima. Akainua mkono, akapiga saluti. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alikatwa alama nyingi. Hata hivyo, zilipojumlishwa na zile za maduara, alimpita Nakhisa kwa nukta moja. Nakhisa alimjia, akampa mkono. "Haya, afande korongo. Leo umenikamata."

Waandaaji nao wakaja mbio. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lingempeleka kwenye kipindi cha televisheni, na wafadhili wangekuwepo. Tabasamu la Adong likafifia. Asubuhi ile alikuwa amechora maduara sita kambini.

"Nitakufutia mimi," Sifuna akasema.

"Niliahidi nitafuta mwenyewe, mwalimu."

Jumatatu kulipopambazuka, baada ya usiku wa kutibiwa mguu, Sajenti Oyat alimkuta bingwa uwanjani amepiga goti, mguu wenye bandeji ameuburuta nyuma, akisugua saruji kwa kitambaa kibichi. Kazi ya robo saa ilikuwa imemla saa nzima, na lilikuwa limebaki duara moja. Honi ililia langoni mara tatu, kisha gari likaondoka.

"Gari yako imekwenda," akasema Oyat.

"Nimelisikia, afande."

"Televisheni ni kubwa kuliko chaki."

"Tulipoahidiana hatukuitaja televisheni, afande."

Duara la mwisho lilipofutika, Oyat akaukagua uwanja wote, asione hata alama moja. Akakohoa. "Na kiatu?"

"Kimoja ni kizima. Naomba uwanja jioni."

"Na hiyo mguu?"

"Mmoja ni mzima, afande."

Sajenti akageuza uso haraka kuelekea langoni. "Jioni uwanja ni yako," akasema.

Jioni hiyo, duara jipya la chaki lilichorwa katikati ya uwanja wa gwaride, na mwenye kuchora alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Hapo kambi nzima ikakiri kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.