Kiapo Kilichokoma Kwenye Neno "Basi"

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mitende, upande wa Hadhramaut, aliishi mjane mchamungu aliyeitwa Umaima binti Dhuhair. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Waail, kijana mwema aliyechunga ngamia wa ami yake, Ghalib.

Asubuhi moja Bi Umaima alimpelekea mwanawe chakula malishoni. Alipokaribia kisima alimkuta jirani yao, Mundhir, ameinama juu ya Waail, mikono imelowa damu. Kijana alikuwa amekwisha kukata roho, kifua kimepondeka. Mundhir alisema kwamba amemkuta ngamia dume wa Ghalib amemkandamiza kijana chini, na kwamba yeye ndiye aliyemfukuza. Lakini ngamia yule alikuwa mbali, anakula majani kwa utulivu, na mji mzima ulijua kuwa Mundhir na Waail waligombania zamu ya maji siku chache kabla. Hakuna aliyemwamini. Akafungwa.

Hapakuwa na shahidi. Kadhi akaona kwamba shauri litasimama juu ya kiapo cha mama, maana yeye ndiye mwenye haki ya kudai damu ya mwanawe na ndiye aliyefika wa kwanza. Ghalib akamwendea shemeji yake, akamweleza kwamba mambo yako wazi, na kilichobaki ni yeye kuapa kuwa ameona mauaji. Bi Umaima naye moyoni hakuwa na shaka yoyote. Alilala na kuamka na sura ya Mundhir mbele yake, akiichukia.

Siku ya hukumu ilipofika, alisimama mbele ya kadhi na mji wote ukisikiliza.

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu," akasema, "nilimwona Mundhir ameinama juu ya mwanangu. Niliona damu mikononi mwake. Na nilijua kwamba waligombana. Basi..."

Hapo akanyamaza. Watu wakangoja. Kadhi akamwambia kwa upole amalizie.

"Siwezi, ewe kadhi. Mpaka hapo ni macho yangu. Kinachofuata baada ya 'basi' ni dhana yangu, na siwezi kumwapia Mola wangu dhana."

"Je, wewe mwenyewe waamini kwamba hakumuua?"

"Naamini amemuua," akasema Bi Umaima. "Lakini sikumwona."

Mundhir akaachiwa. Jamaa wa Ghalib wakamtenga mjane, wakisema ameitupa damu ya mwanawe. Hata Idi ilipofika hakuna aliyebisha hodi mlangoni kwake. Alipomwona Mundhir akienda msikitini aligeuza uso, akamrudia Mola wake kwa machozi, na kuna siku alijiuliza kama hakumdhulumu mtoto wake kaburini.

Msimu wa baridi uliporudi, wakati madume ya ngamia hushikwa na ukali, ngamia yule yule alimvamia Ghalib mwenyewe zizini. Alimng'ata mkono, akamwangusha, akamlalia kwa kifua chake. Wachungaji walimwokoa kwa fimbo, mbavu zimevunjika. Kutoka kitandani Ghalib alimwita shemeji yake, akamsimulia yaliyompata huku akilia, akakiri kwamba Mundhir alisema kweli.

Bi Umaima hakukaa. Alijitanda ushungi wake, akaenda moja kwa moja kwa Mundhir kumwomba radhi.

Mundhir akastaajabu. "Radhi ya nini, mama? Ulimi wako ndio ulioniokoa."

"Ulimi, ndiyo. Lakini moyoni nilikwisha kukuhukumu, na katika sijda zangu nilikuombea mabaya."

Mundhir akamwambia kwamba amemsamehe, na kwamba ana amana ya Waail kwake, ambayo hakuweza kuifikisha kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza. Alipomtoa Waail chini ya ngamia, kijana alikuwa bado anapumua.

"Alikuita wewe, mama. Kisha akatamka shahada, akatulia."

Bi Umaima akaketi pale pale kizingitini, akamhimidi Mola wake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akalia kilio cha mtu aliyepata faraja.

Enyi ndugu zangu, kila siku tunasema "basi", "kwa hiyo", "bila shaka", na maneno haya ni mepesi mdomoni. Mama huyu aliona uzito wa neno moja, akasimama mbele yake, ilhali moyo wake wote ulikuwa umekwisha kulivuka. Angalikimaliza kiapo chake, yule pekee aliyesikia shahada ya mwanawe angalikwenda nayo kaburini. Mola atujaalie tujue mahali macho yetu yanapokoma.