Ungo wa Limbuko na Trekta la Zambarau

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, bali zamani ya juzijuzi, trekta lilipokwishafika Ismani na maksai wameanza kunenepa kwa uvivu, paliishi mwanamke aitwaye Sevelina Luvanda. Tegeni masikio, maana mwishoni nitawauliza swali, na atakayesema hakusikia atalala na njaa.

Sevelina alikuwa na trekta la zambarau. Zambarau, ndiyo, msicheke. Lilimlimia shamba lake, kisha likalima mashamba ya majirani, kaya arobaini, na kila kaya ilipanga mwaka wake kwa zamu ya trekta hilo. Kiwanda kilicholiunda kilikuwa ng'ambo, hakuna aliyekiona. Aliyeonekana ni wakala, Asheri Kikoti, mwenye duka Iringa mjini na bango la zambarau juu ya mlango. Watu walipomwuliza Sevelina kwa nini hakuchukua trekta la kampuni nyingine, alijibu, "Kiwanda sikijui. Hata nikikutana nacho njiani sitakisalimu. Ninayemjua ni Kikoti. Siku akinitupa, na trekta lake nalitupa."

Sasa, mvua ya Ismani ni mgeni mwenye haraka. Ikinyesha, ardhi hulainika siku kumi tu hivi. Usipolima ndani ya siku hizo mwaka umekwenda, na wanao watakula kwa kuomba. Mwaka huo ilinyesha Jumatatu. Jumanne asubuhi trekta likaingia shambani, likalima mistari sita, kisha plau ikagoma kunyanyuka. Dereva akavuta wenzo, plau imelala. Akavuta tena, imelala. Pampu ya kunyanyulia plau ilikuwa imekufa.

Majirani wakaja. "Sevelina, zamu yetu lini?" Sevelina akampigia Kikoti, Kikoti akakipigia kiwanda. Kiwanda kikasema: pampu itatumwa, subirini.

Jumatano majirani wakaja. "Sevelina, zamu yetu lini?" Sevelina akampigia Kikoti, Kikoti akakipigia kiwanda. Kiwanda kikasema: jazeni fomu, subirini.

Alhamisi hawakuuliza tena. Walisimama pembeni mwa shamba wakiitazama ile mistari sita. Sevelina akampigia Kikoti, Kikoti akakipigia kiwanda. Kiwanda kikasema: fomu ina kosa, jazeni upya, subirini. Hapo Sevelina akapandwa na hasira. "Kaka Asheri," alisema, "kiambie kiwanda chako mvua haijui kusoma fomu. Na wewe nakuambia: mimi nilibisha mlango wako, sikubisha mlango wao!"

Kikoti akachukua fomu ya pili. Dukani kwake lilikuwapo trekta moja jipya, la zambarau, lina pampu nzima inayong'aa. Lakini lilikuwa mali ya kiwanda mpaka lipate mnunuzi, na sheria ya kiwanda ilikuwa moja: atakayefungua kifaa kwenye trekta jipya, uwakala wake umekwisha.

Dukani humo kulikuwa na fundi, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali, jina lake Ndelwa. Ijumaa asubuhi, Kikoti alipokwenda posta na fomu yake ya pili, Ndelwa alichukua spana. Hakuomba ruhusa. Alifungua trekta jipya, akatoa pampu, akaifunga kwa khanga, akapanda bodaboda na kuipakata njia nzima. Saa tano alikuwa shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kiwanda kimekubali?"

"Kiwanda kimelala, mama. Shika hii spana."

Saa nane plau ilinyanyuka. Wanawake wakapiga vigelegele, na Sevelina, ambaye siku zote hizo hakutoa chozi, akalia kwa sauti bila kuona haya. Trekta likalima siku tano mfululizo, usiku na mchana. Kaya arobaini zikapanda.

Wiki iliyofuata akaja mkubwa wa kiwanda kutoka ofisi yao ya Dar es Salaam, Injinia Kamugisha, na kofia za zambarau kwenye boksi. Kuingia dukani, akakuta trekta jipya halina pampu.

"Nani kafungua?"

Ndelwa akafumbua kinywa. Kikoti akamtangulia. "Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi. Duka langu, spana yangu, mteja wangu. Andika."

Akaandika. Bango likashushwa siku hiyohiyo. Miaka kumi na minne ya uwakala ikateremka kwenye ngazi, na Kikoti akabaki amesimama chini ya ukuta mtupu. Ile pampu ya dhamana, iliyoombwa kwa fomu, ilifika siku ya kumi na tisa tangu plau igome. Ilikuwa nzuri sana, nayo mahindi yalikwishaota.

Mahindi yakakomaa. Nao ukoo wa Luvanda una mila yake. Mahindi mabichi ya kwanza huchemshwa, huwekwa kwenye ungo, na hupewa mtu mmoja tu, yule aliyeliokoa shamba mwaka huo. Hilo ndilo limbuko, nalo haligawanywi. Na mpaka mtu huyo ayaonje, hata mtoto wa nyumba haruhusiwi kutafuna punje. Mwaka huo kaya arobaini ziliongeza neno lao: "Ungo utakakokwenda, nasi tutakwenda huko. Akiuza matrekta, tutanunua kwake. Akitengeneza, tutapeleka kwake."

Basi siku ya limbuko uani palijaa. Watatu waliketi kwenye mkeka: Injinia, fundi na wakala. Ungo ulifuka mvuke mbele ya Sevelina, na watoto wakameza mate.

Injinia Kamugisha akaanza. Alikuja na mpiga picha. "Mama, mnasema fundi, mnasema wakala. Fundi angetengeneza nini kama hakuna chuma? Trekta letu limelima miaka mitatu bila kukohoa. Hata pampu aliyoileta binti huyu ni yetu, tumeiunda sisi. Na ya dhamana tulileta bure. Limbuko ni la aliyeunda."

Ndelwa akasema, "Chuma hakitembei chenyewe. Pampu ilikaa dukani siku tatu ikimtazama kila mtu, nani aliigusa? Mimi. Nilijua naweza kufukuzwa, hata kufungwa. Limbuko ni la aliyethubutu."

Kikoti akasema, "Kuthubutu kuna malipo yake, na aliyelipa ni mimi. Sikutumwa kusema 'mimi'. Leo sina bango, sina kazi, na watu wananipita kama hawanijui. Limbuko ni la aliyebeba."

Watu wakaguna. Kila mmoja alikuwa na neno, na kila neno lilikuwa la kweli. Injinia akaona mizani inamkimbia, akachomoa karatasi.

"Basi mjue na hili. Pampu iliyokufa tuliichunguza. Imeuawa na uchafu. Chujio la mafuta ya pampu halikubadilishwa."

Ndelwa akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Nililiosha kwa dizeli nikalirudisha. Ndivyo tunavyofanya mafundi wote tukikosa jipya. Na kwa nini tulikosa? Mwulizeni yeye. Miezi mitano kiwanda hakikuleta chujio hata moja!"

Injinia akaikunja karatasi yake.

"Nami nilijua," Kikoti akasema polepole. "Nikagonga muhuri kwenye kitabu cha huduma: chujio jipya. Nilificha. Sikutaka mteja wangu ajue kwamba kiwanda kimetutelekeza."

Hasira ikampanda Sevelina kutoka unyayoni. Siku nne za majirani kuuliza zamu na kusimama pembeni mwa shamba zilimrudia zote. Wote watatu walimwokoa, na wote watatu walikuwa wamemtia shimoni. Injinia akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, fikiria vizuri. Wakala mpya yuko tayari, na vipuri vinatoka kwetu. Ungo ukienda kwingine, mwakani plau ikigoma utampigia nani?"

Sevelina akavua ile kofia ya zambarau aliyovishwa asubuhi, akaitia mkononi mwa Injinia. "Unanitisha uani kwangu? Ismani ililima kabla babu yako hajaiona spana! Pampu mnaunda nyinyi, lakini mimi hamniundi. Keti."

Injinia akaketi. Mpiga picha akashusha kamera.

Sevelina akanyanyua ungo, akasimama, kisha akasita. Alikumbuka siku ya chujio. Alikuwa ameketi uani palepale, juu ya pipa, Ndelwa akilisugua kwenye beseni la dizeli, na dizeli ikitoka nyeusi.

"Na mimi nisemeni," aliwaambia watu wote. "Niliona likioshwa. Nilijua si jipya. Nilicheka, nikasema, funga mwanangu, dizeli inasafisha hata dhambi. Mvua ilikuwa karibu, nikataka trekta langu. Kwa hiyo msinitazame kama hakimu msafi. Lakini shamba ni langu, ungo ni wangu, na leo nitautoa."

Akaukaza mikononi. Mvuke ulianza kupungua, na mtoto wake mdogo akamvuta khanga: "Mama, tutakula lini?"

Sevelina akapiga hatua. Na aliupeleka ungo, wala msidhani hakuupeleka, maana watoto wake walikula wakashiba. Ila mimi jina sitalitaja, hata mkinikasirikia. Hapa mbele yenu yupo aliyeunda chuma na kuwanyima chujio. Yupo aliyethubutu kuokoa alichokiharibu mwenyewe. Yupo aliyeficha kwa muhuri, kisha akabeba adhabu isiyo yake. Limbuko haligawanywi, kaya arobaini zinangoja kufuata, na mahindi yanapoa.

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza. Je, nani alistahili?